Mtungi au mrija, ziwani au baharini: kwa aliyevuka hamsini na anaishi Kigoma

Watu wa Kigoma tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, na wengi wetu tunazeeka bila kuziona hata mita tatu za juu. Wanaolijua kwa ndani ni wavuvi waliowahi kuufuata wavu ulionasa mwambani, na vijana waliofanya kazi ya kukamata samaki wa mapambo wa kuuzwa Ulaya na Marekani. Sisi wengine tunalijua kwa sahani: dagaa, mgebuka, kuhe. Kisha mtu anastaafu, watoto wanajitegemea, asubuhi zinakuwa ndefu, na siku moja anamwona mgeni akiibuka pale ufukwe wa Jakobsen na miwani usoni, anacheka peke yake. Na mimi naweza?

Unaweza. Kazi iko kwenye kuchagua, maana mlango si mmoja. Kuna kuogelea juu juu kwa miwani na mrija hapa hapa ziwani. Kuna kusafiri hadi pwani, iwe Unguja, Pemba au Mafia, ukasomee kuzamia kwa mtungi wa hewa. Na kuna kuzamia kwa mtungi humu humu Tanganyika. Wengi huzilinganisha njia hizi kwa kuuliza wapi kuna samaki wa kuvutia zaidi. Mimi naona kwa mtu wa umri wetu yanayoamua ni mambo mawili: utaingia majini mara ngapi kwa mwaka, na ukipatwa na jambo, msaada uko umbali gani.

Umri, tuumalize kwanza

Mashirika makubwa ya mafunzo ya kuzamia yana umri wa chini, ambao kwa kozi ya kwanza ya PADI ni miaka 10. Umri wa juu hakuna. Mmarekani Bill Lambert, aliyezaliwa 1920, alijifunza kuzamia akiwa na miaka 98, na Septemba 2020 akasherehekea miaka 100 chini ya maji, tena kwenye ziwa dogo la jimbo la Illinois, si baharini. Mwingereza Ray Woolley aliizamia meli ya Zenobia iliyolala chini ya bahari huko Cyprus akiwa na miaka 95 mwaka 2018, akarudi tena mwaka uliofuata. Hata ziwa letu limezoea vikongwe kuibuka: meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Kwa hiyo atakayekuambia umechelewa, mwache. Atakayekuuliza habari za moyo wako, msikilize.

Fomu ya afya utakayopewa na kituo chochote makini ina kipengele maalumu cha waliovuka miaka 45. Wanauliza kama unavuta sigara, kama una presha au lehemu ya juu, na kama katika ukoo wenu kuna aliyeugua moyo au kupata kiharusi mapema. Sukari nayo ina swali lake. Ukijibu ndiyo, daktari atie sahihi kwanza. Wapo wanaojibu hapana kila mahali ili wasikose safari waliyoilipia, na huko ni kujichimbia shimo.

Sababu ni hii. Ukiingia majini hadi shingoni, maji hubana miguu na kuisukuma damu kuelekea kifuani. Moyo unapata kazi kubwa kuliko uliyokuwa nayo ufukweni. Mwili nao unadhani maji yamezidi, ndiyo maana mkojo unabana baada ya muda mfupi tu. Kwa mwenye presha isiyotulia, shinikizo lile linaweza kufanya maji ya mwili yavujie kwenye mapafu: pumzi inakatika, kifua kinakoroma, kikohozi kinatoa povu lenye wekundu. Dawa ya kwanza ni kutoka majini mara moja, bila kuona aibu, na kwenda hospitali.

Hali hiyo humpata hata anayeogelea kwa mrija. Namsikia mtu akisema, "Mimi nitaelea juu tu, daktari wa nini?" Mrija unakuepusha na matatizo ya hewa iliyobanwa, haukuepushi na moyo wako. Njia zote tatu zinaanzia hospitali ya Maweni, au popote unapotibiwa: presha, sukari, kipimo cha umeme wa moyo, na orodha ya dawa unazomeza iwe mkononi. Kama unameza vidonge vya presha vinavyokukojoza, mwulize daktari habari ya kukaukiwa maji mwilini, kwa sababu mzamiaji aliyekauka yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Yaliyobaki ni madogo ila yanakera yasiposemwa. Meno ya bandia: mzamiaji hushika kwa meno kipande cha mpira kinacholeta hewa, na seti iliyolegea inaweza kuchomoka, basi mwambie mwalimu mapema. Macho: kama unasoma ujumbe wa simu kwa kunyoosha mkono, hutasoma geji ya hewa chini ya maji, hivyo ulizia miwani ya kuzamia yenye lenzi za kusomea. Magoti: mtungi, jaketi na mkanda wa vipande vya madini ya risasi vya kukuzamisha kwa pamoja hufika kilo 20 na zaidi. Kituo kinachojua kazi yake hakimwachii mtu mzima mzigo huo juu ya mawe.

"Shikamoo mama. Wewe shuka mikono mitupu, mtungi tutakuvalisha majini."

"Marahaba mwanangu. Na wakati wa kutoka?"

"Tunakuvua humo humo, unapanda ngazi mtupu… yaani, bila mtungi."

Hapo mama akicheka, mmeelewana. Ukimwona mwalimu anayekuhimiza ubebe kama kijana wa jeshi, tafuta mwingine.

Maji ya huku na maji ya kule

Ziwani maji ni baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi, lakini kwa joto ni ya kupendeza: juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi, na hata ukishuka hayapoi sana. Macho hayawashi. Ukimeza kidogo hukohoi kwa chumvi. Hakuna kujaa wala kupwa, kwa hiyo mahali ulipopaona asubuhi ndipo palepale jioni. Kwenye miamba mbali na midomo ya mito, siku tulivu ya kiangazi unaweza kuona mbali kuliko urefu wa nyumba. Mvua zikianza, mito inaleta tope na sehemu za karibu nayo zinachafuka. Upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti nao hulitibua ziwa, hivyo asubuhi na mapema ndiyo saa ya watu wa umri wetu. Mchana waachie wenye mbavu.

Baharini kuna jambo ambalo mtu wa bara halijui hadi limsukume: mkondo. Maji yakijaa na kupwa kupitia mlango mwembamba, kama pale panapoingilia ghuba ya Chole huko Mafia, yanakwenda kwa nguvu inayomchosha hata kijana. Watu wa pwani huhesabu kwa mwezi. Karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana na mkondo ni mkali. Katikati ya hapo ni maji mafu, mkondo umelegea. Ukiwa mwanafunzi mwenye miaka 60, panga safari yako iangukie maji mafu. Ni ushauri usiogharimu senti, na sijaona sababu ya kuupuuza. Misimu nayo ina neno: vipindi vya mpito kati ya kaskazi na kusi ndivyo bahari hutulia, na masika ya Machi hadi Mei huharibu safari nyingi.

Kuhusu wadudu na wanyama, kila upande una yake. Baharini kuna konyeza wanaowasha, samaki wenye miiba ya sumu wanaofanana na jiwe, na matumbawe yanayokwaruza. Ziwani kuna konyeza pia, mdogo kama sarafu, asiyemdhuru mtu. Kuna nyoka wa maji, jamii ya swila, anayekula samaki kati ya miamba. Ana sumu, lakini hana habari na wewe, mpishe tu. Mamba na kiboko ni hesabu nyingine: usiingie karibu na midomo ya mito, kwenye matete, wala giza likianza, na usiingie pahala popote kabla ya kuwauliza wavuvi wa pale. Wao wanajua alionekana lini na wapi.

Kichocho ndicho kinachosahaulika zaidi. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi. Mwambao wa miamba unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo, si sifuri. Ukiingia ziwani mara kwa mara, kapime kila baada ya miezi michache. Dawa ya praziquantel ni ya kawaida na inafanya kazi. Kwa mtazamo huu bahari imeshinda, maana kichocho baharini hakuna.

Safari ya kurudi, ambayo hakuna anayeifikiria

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ni suala la mtu wa Kigoma hasa, na walimu wengi wa pwani hawalifikirii mpaka uwaambie.

Unapopumua hewa ya mtungi chini ya maji, nitrojeni huingia kwenye damu na mafuta ya mwili kwa wingi kuliko kawaida. Ukipanda taratibu inatoka taratibu kwa njia ya pumzi. Ukipanda haraka, au ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inaweza kutoa mapovu ndani ya mwili: viungo vinauma, ganzi, kizunguzungu, na ikiwa mbaya, kupooza. Ndiyo sababu wazamiaji hukatazwa kupanda ndege mapema. Mwongozo unaotumika sana ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Kwa umri wetu mimi ningesema saa 24 na tuache ubishi.

Mtu wa Dar es Salaam anayetoka Unguja anapanda boti, anafika nyumbani usawa uleule wa bahari, hana tatizo. Wewe unarudi Kigoma. Ukikwepa ndege ukapanda treni, unadhani umesalimika. Lakini tazama njia: reli ya mwendokasi inakutoa Dar na kukufikisha Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa saa chache tu. Reli ya zamani inakwenda polepole, ila nayo inapita Dodoma na Tabora, ambayo iko kwenye mita 1,200 hivi. Basi ni hivyo hivyo. Mwili haujui kama umepanda kwa bawa au kwa gurudumu. Kwa hiyo siku ya mwisho pwani iwe ya kutembea Mji Mkongwe na kula urojo, isiwe ya kuzamia.

Ziwani hesabu inageuka. Kigoma yenyewe iko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanuni za mbizi za nyanda za juu huanza kutumika kuanzia mita 300. Hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi, hivyo mgandamizo wa chini ukilinganishwa na wa juu unazidi kwa uwiano mkubwa kuliko majedwali ya kuzamia ya baharini yanavyodhani. Ukizifanyia hesabu, mita 18 za hapa zinahesabika kama mita 19 za Mafia. Si tofauti ya kutisha, lakini anayezamia Tanganyika kwa jedwali la baharini bila kulirekebisha anajipunja usalama, na kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi lazima iwe imewekwa kwa kimo cha hapa. Maji yasiyo na chumvi nayo yanakubeba kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo risasi uliyoizoea pwani huku itakuzamisha kama nanga. Punguza. Na ukimaliza kuzamia usiondoke mchana huohuo kwenda Kasulu kwenye msiba: barabara ile inapanda.

Kisha kuna lile ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo, yaani yale mapovu ya nitrojeni mwilini, tiba yake ni oksijeni haraka, halafu chumba maalumu cha mgandamizo. Kigoma chumba hicho hakipo. Kukifikia ni safari ndefu, na safari yenyewe inapanda juu, ambako ndiko mgonjwa huyo hatakiwi kwenda. Mwenye mrija habebi mzigo huo, kwa sababu hewa anayopumua ni ileile ya ufukweni.

Unachokwenda kukiona

Bahari ni harusi: rangi, makundi, kelele za macho, kila upande kuna jambo. Matumbawe, kasa, taa wanaopita kama shuka linalopeperuka, ukuta wa Pemba unaoshuka hadi maji yanapokuwa buluu tupu. Mafia, ambako hifadhi ya bahari ya kwanza nchini ilianzishwa 1995, kati ya Oktoba na Februari hivi huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na haja na nyama ya mtu. Na sikiliza hili: potwe anaonwa kwa mrija, juu juu, bila mtungi. Mtu aliyejizoeza hapa Kigoma kwa miwani na mapezi anaweza kwenda kumwona bila kusomea chochote.

Ziwa linataka utulivu. Ukiweka uso majini kwenye miamba ya Bangwe au Jakobsen, mwanzoni unaona samaki wadogo wa kahawia wakizurura. Subiri. Baada ya muda unagundua kwamba hakuna anayezurura. Yule mweusi mwenye mkanda wa njano anachunga jiwe lake moja na kumfukuza kila ajaye kula majani yake. Mtoto wake, mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, amejificha kwenye ufa. Pale kwenye mchanga kuna bakuli la duara, limechimbwa na samaki dume kwa mdomo, chembe kwa chembe, na yeye analizunguka akimwita jike. Mwingine ana mdomo mzima wa watoto: ukisogea wanaingia, ukitulia wanatoka. Na yupo kambare mwenye madoa anayetaga mayai yake katikati ya yale ya samaki hao, ili mama wa watu alee kinywani mtoto asiye wake.

Anayenistaajabisha zaidi ni mla magamba. Haui mtu, anamvizia mwenzake kwa nyuma na kumng'oa magamba ya ubavuni. Mdomo wake umepinda, wengine kushoto, wengine kulia, na kila mmoja hushambulia upande mmoja tu. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani Michio Hori alieleza kwa nini aina zote mbili hubaki: waliopinda upande mmoja wakiwa wengi, samaki wanajifunza kuulinda ubavu ule, basi wale wa upande wa pili wanashiba. Hayo yote yanatendeka kwenye maji ambayo ukisimama yanakufika kifuani au kidogo zaidi.

Wengi wa samaki hawa wa miambani ni wa jamii ya sikilidi (cichlid), na ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, karibu zote hazipatikani kwingine popote. Kwa hiyo mrija hauoni masalio, unaona sehemu kubwa ya shughuli, maana mwani hukua palipo na jua, na samaki wanaoula wapo hapo.

Mtungi unaongeza nini? Unaongeza kina, na katika kina yumo bwana mkubwa: samaki mwenye nundu kichwani na michirizi myeusi, ambaye wafugaji wa samaki wa Ujerumani na Japani humwita kwa jina la mji wetu. Wa Kigoma ana michirizi saba, tofauti na wa sita wa kwingineko ziwani. Hukaa chini sana kwenye kivuli cha miamba, kwa makundi, akitembea taratibu kama mzee anayetoka msikitini. Huyo kwa mrija humpati. Kama ndiye unayemtaka, njia ni moja, na lazima ipitie kwenye kozi.

Kozi ilivyo

Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne: darasa, mazoezi kwenye bwawa au maji tulivu, kisha mbizi nne za kwenye maji ya wazi. Ukifaulu unaruhusiwa kuzamia na mwenzako hadi mita 18. Kuna pia onjo la siku moja, bila kadi, ukishikwa mkono na mwalimu na bila kuvuka mita 12. Kwa mtu asiye na hakika, onjo ndilo la kuanzia. Kwenye kozi yenyewe utaogelea mita 200 bila haraka, au 300 ukiwa na miwani, mapezi na mrija, na kuelea dakika 10. Asiyeweza kuogelea asifanye haraka ya kulipia kozi.

Kinachowashtua wengi si kina, ni sauti. Unavuta pumzi ya kwanza chini ya maji na unasikia mwanzi wa hewa ukivuma ndani ya kichwa chako mwenyewe, kisha mapovu yanagonga masikio. Mwili unasema toka. Dakika mbili baadaye, ukiutuliza, unasahau. Masikio ndiyo yanayotaka subira: unabana pua, unapuliza kidogo kidogo, mapema kabla hayajauma, na yakikataa unapanda nusu mita na kujaribu tena. Watu wazima wengi huchelewa hapa. Mwalimu mzuri hakuoni mzigo. Tafuta anayefundisha kwa Kiswahili, wapo pwani, kwa sababu chini ya maji unakumbuka kile ulichokielewa, si kile ulichokariri.

Akina mama wanaouliza habari ya mavazi: suti ya mpira inafunika mwili kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na kichwa kina kofia yake. Kwa mrija, suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu inatosha, na inakuokoa na jua la mgongoni.

Pesa sitaizungumza sana. Pwani unalipia kozi, vifaa, malazi, nauli ya kwenda na kurudi, na kiingilio cha hifadhi pale panapohusika. Beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Ziwani unanunua miwani inayokaa vizuri usoni, mrija na mapezi, na umemaliza. Kuijaribu miwani ni rahisi: ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, isipodondoka ni yako. Mwenye ndevu atasumbuka kidogo.

Nani achukue nini

Kama presha yako imedhibitiwa, unaogelea kwa wastani, na unataka kitu cha kufanya kila wiki hadi uzeeni, chukua mrija wa ziwani na usijione umechukua cha pili. Ustadi wa majini hukaa kwenye mwili unaourudia. Aliyesoma kozi nzuri Zanzibar kisha akakaa miezi 11 bila kugusa maji anarudi akiwa mgeni, na kwa umri wetu kusahau ni kwepesi. Nenda na mwenzako, mmoja aogelee, mwingine atazame, mpokezane. Ukiona pumzi inapungua bila sababu, toka.

Kama una afya, akiba, na hamu ya kweli ya kwenda chini, kasomee baharini. Huko ndiko walimu, vifaa na uzoefu wa kuokoa vilikojaa, na ndiko karibu zaidi na msaada. Lakini kabla ya kukata tiketi, fanya msimu mzima wa mrija hapa. Atakayefika Unguja akiwa ameshazoea kuweka uso majini, kuondoa maji kwenye miwani na kupumua kwa mdomo bila hofu, atazitumia siku zake nne kujifunza kuzamia, wakati wenzake wanajifunza kutoogopa.

Mtungi ziwani nauweka wa mwisho, na simaanishi usifanyike. Ni wa mtu mwenye kadi, mwenye mbizi za kutosha za baharini, anayezamia na mtu anayelijua ziwa, kwa kina kidogo na muda mfupi kuliko anavyoruhusiwa, akiwa na oksijeni ndani ya boti. Na kabla ya kuupokea mtungi wa mtu yeyote, mwulize ulipimwa lini mara ya mwisho, nani alijaza hewa, na kichujio cha kompresa kilibadilishwa lini. Kompresa ya petroli ikivuta moshi wake yenyewe, gesi ya sumu iliyomo (kaboni monoksidi) haina harufu, na mita 15 chini ya maji inamlewesha mtu kabla hajajua. Mwenye daftari la tarehe atakuonyesha bila kununa. Asiye na daftari, mrudishie mtungi wake, uvae mapezi.